Neno Nililolifuta

"Nimefunga, alhamdulillahi. Na wewe je, mwanangu?"

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja wa Mkinga, mgonjwa nambari themanini na nane, na aliyekuwa akimjibu hakuwa mtu. Alikuwa akiijibu hereni yake. Kila asubuhi saa moja na nusu, hereni za wagonjwa wetu wanawake na pete za wagonjwa wetu wanaume huwasalimia wenyewe na kuwauliza maswali matatu, na majibu yao hushuka hadi kwenye tezi ya kutengeneza tuliyowawekea tumboni. Sauti inayouliza ni yangu. Niliirekodi mwenyewe kutwa nzima, huku nikinywa maji ya tangawizi koo lisikauke.

Hereni haikufundishwa kujibu "na wewe je". Ilimwambia, "Ahsante, nimekuelewa," ikaendelea na kazi. Nami hapo mezani kwangu nilikuwa na kikombe cha chai nimekifunika kwa daftari. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Ramadhani.

Tangu asubuhi nilikuwa nikihangaika na ramani. Ukuta mmoja wa Kituo cha Tezi umejaa nukta, kila nukta tumbo la mtu, elfu kumi na moja kutoka Moshi hadi Mtwara. Nukta mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimegeuka manjano, na zote ziko upande wa Tanga, ambako ndiko tulikoanza kuuliza maswali kwa sauti badala ya vitufe. Manjano maana yake nyongo inamwagika kupita kiasi. Nilikagua tezi, nikakagua mitambo, nikauliza hata habari ya maji ya bomba. Mwisho kabisa ndipo nilipoamua kuwasikiliza watu wenyewe, jambo ambalo mwenye akili angelianza nalo.

Nikafungua sauti ya pili. "Nimefunga, inshallah Mungu apokee." Ya tatu ilikuwa ya mzee wa Makorora, anajibu kwa fahari kama mwanafunzi aliyejua hesabu: "Nimefunga! Na jana nilifunga!" Ya nne sikuimaliza. Nilikuwa nimeshaelewa.

Sisi tulikuwa tukiwauliza kama wamekosa choo.

Swali hilo tuliliandika katika Mfunguo Tano, Ramadhani ikiwa mbali. Tezi hutoa pia homoni ya shibe, na homoni hiyo huufanya utumbo utembee polepole, kwa hiyo malalamiko ya kwanza ya wagonjwa yalikuwa hayo ya kukosa choo. Swali la mwanzo lilisomeka, "Je, umefunga choo?" Wenzangu wa bara walicheka, wakasema ni kama kumuuliza mtu kama ameubana mlango wa msalani. Mimi sikucheka. Nilisema mtu mzima haamshwi asubuhi kwa neno choo, tena kwa sauti ya mtoto wa watu. Nikachukua kalamu nikalifuta. Likabaki, "Je, umefunga?" Wote wakanisifu kwa jina langu: Sikudhani ndiye mtu wa pwani, anazijua adabu za kwao.

Mtu wa pwani! Watu wangu hata miezi wanaihesabu kwa kufunga na kufungua. Nililiandika swali katika Mfunguo Tano na tarehe nikaiandika pembeni kwa mkono wangu. Muulize mtoto wa miaka mitano pale Ngamiani kama amefunga, atakutolea ulimi uone ulivyo mweupe. Lakini mimi nilikuwa na miaka sita sijafunga, na kila Ramadhani swali hilo nililikwepa kwenye simu, mlangoni, njiani. Neno ukilikimbia muda mrefu, nalo hukukimbia. Siku niliyolihitaji halikuja.

Nikaendelea kuitazama ramani. Nukta ya kwanza kabisa kuwekwa Tanga, ile ya Barabara ya Tisa, nayo ilikuwa manjano. Hiyo ni ya Bi Kidawa binti Mwinchande, dada yake mama, aliyenilea mama alipofariki. Namwita Mama Mkubwa. Tezi ile ni mimi niliyemshawishi aimeze.

Nakumbuka nilivyomweleza jikoni kwake, naye anapepeta mchele. Yeye ni mpishi wa shughuli. Hakuna harusi wala hitima kubwa ya Ngamiani ambayo sufuria lake halikuonjwa kwanza na Bi Kidawa. Kuonja huko kwa miaka arobaini, samli na mafuta, ndiko kulikomwangusha kwa moyo mara moja, mbele ya pilau la watu mia tatu.

"Nyongo, Mama, ini linaitengeneza kwa hayo hayo mafuta ya damu unayoambiwa yamezidi," nilimwambia. "Ukila, utumbo unatoa homoni inayoukamua mfuko wa nyongo, nyongo inamwagikia chakula. Ikimaliza kazi inafika mwisho wa utumbo mwembamba, inanyonywa, inarudi kwenye ini itumike tena. Na palepale utumbo unatoa homoni nyingine ya kuliambia ini: inatosha, usipike nyingine."

"Ehe."

"Sasa sisi, tezi yetu inakwenda kukaa hapo mwisho, inaipunguza sauti hiyo ya Inatosha. Ini likiona kimya, linachota mafuta kwenye damu lipike nyongo mpya. Mafuta yanapungua."

"Yaani mnalidanganya ini."

"Kidogo tu."

"Uongo hauna kidogo, mwanangu," alisema. Lakini aliimeza, kitu kidogo kama choroko kilichooteshwa juu ya nyuzi za mkonge, kwa sababu niliyempa ni mimi.

Sikumweleza yanayotokea Inatosha ikinyamazishwa kabisa. Ini hupika nyongo bila kipimo. Ile inayozidi haiwahi kunyonywa, inapitiliza hadi utumbo mpana, na huko huvuta maji. Kwa mtu aliyekosa choo siku nne, hiyo ni nafuu, ndiyo maana tuliifundisha tezi ifanye hivyo kila isikiapo "nimefunga". Kwa mtu aliyefunga kweli, asiyeonja tone la maji tangu alfajiri hadi magharibi, tena mzee, tena kila siku kwa siku kumi na mbili, hiyo ni nini?

Nilikumbuka kwamba tangu Jumatatu Mama Mkubwa alikuwa hapokei simu yangu. Nikainuka nikaimwaga chai kwenye sinki, kana kwamba kuimwaga kungemsaidia mtu.

*

Daktari Mwasandube, mkuu wa Kituo, si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema maana ingekuwa rahisi kwangu kumfanya mbaya. Nilipomaliza kumweleza alivua miwani, akasema neno moja la Kinyakyusa ambalo sikulijua, kisha akasema, "Rudisha Inatosha kwa wote. Sasa hivi. Na swali lizime." Dakika kumi baadaye nukta zilianza kurudi kijani, moja moja. Hapo ndipo alipoufunga mlango.

"Ripoti ya wiki inakwenda wizarani kesho," alisema.

"Itasema nini?"

"Kwamba nyongo iliongezeka kwa muda katika baadhi ya wagonjwa, na imerekebishwa."

"Na sababu?"

Akasoma kwenye skrini yake bila kunitazama. "'Huenda ni kula daku lenye mafuta mengi kinyume cha maelekezo.' Nimeandika huenda, Sikudhani."

"Daktari, hawa hawajakiuka lolote. Waliulizwa swali wakajibu ukweli."

"Najua." Alizunguka meza akakaa kwenye kiti cha wageni, karibu yangu. "Sasa na wewe nisikilize. Watu elfu kumi na moja. Wangapi kati yao wangekuwa wamepooza upande, wangekuwa wamezikwa? Waambie leo kwamba mashine haijui tofauti ya saumu na choo. Kesho asubuhi foleni ya kunywa dawa ya kung'oa tezi itafika barabarani. Utawazuia kwa maneno gani? Na wakianza kuanguka kwa moyo, utakwenda kuwazika wewe?"

Na niseme yote: nilifurahi kwamba sikuwa na jibu. Uongo wake ulikuwa mpana, ulitosha kunifunika na mimi. Jina langu halikuwemo popote kwenye ripoti ile. Aliyekosea alikuwa daku.

"Mwiba umeshatoka," alisema kwa upole. "Kidonda kitapona chenyewe. Nisainie hii uende nyumbani ukapumzike."

Ilikuwa orodha ya watu tisa walioomba kung'olewa tezi Jumamosi. Mimi ndiye hukagua orodha hizo. Jina la tatu lilikuwa Kidawa binti Mwinchande. Kwenye nafasi ya sababu palikuwa na neno moja tu: binafsi.

Moyo wa Mama Mkubwa bila tezi tulishaupima. Daktari mwenyewe aliniambia mwaka uliopita: miezi kumi, mwaka, akibahatika. Nikaiweka kalamu mezani.

"Huyu ni mama yangu," nilisema.

Alitazama jina, kisha akanitazama. "Basi nenda kamzuie," alisema. "Lakini kamzuie kwa njia itakayotuacha salama sote."

*

Nilimkuta sebuleni, amekaa wima kwenye kiti kisicho na mto, na juu ya kiti ametandika nailoni. Alipoona nimeiona aliivutia kanga yake juu. Midomo ilikuwa imemkauka na macho yameingia ndani. Sijawahi kumwona mwanamke yule akiwa mdogo hivyo.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kwa ugonjwa wa nani? Siku za kazi huji."

"Hupokei simu."

"Simu zimejaa maneno." Akaitazama mikono yake. "Umeshasikia, basi. Tunu amekwambia."

"Sijasikia kitu, Mama. Niambie wewe."

Jirani alikuwa akitwanga kitu, na kila pigo lilimpa nafasi ya kutosema. Mwishowe alisema akiwa ameelekea ukutani.

"Jumapili tulikuwa kwa Tunu, hitima ya mumewe. Nimesimama kwenye sufuria la bokoboko la futari, mwiko mkononi, alasiri hii hii. Tumbo lilikuwa linaniendesha tangu mwezi uandame, nikawa navumilia, nasema ni uzee. Siku hiyo halikuniaga." Akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Mbele ya wanawake kumi na nne. Na wenzangu wale walikuwa wema, wema uliopita kiasi. Hakuna aliyecheka. Mmoja akanifunika kanga, mwingine akanishika mkono akanipeleka kuoga, kama maiti. Nikarudi nikakuta sufuria limemwagwa. Lote. Hawakuniambia, lakini nililiona lilivyosuguliwa."

"Mama—"

"Mpishi ana nini, Sikudhani? Ana mkono wake tu. Mtu akishautilia shaka mkono wako, umekwisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita. Nami nimekaa nikatafakari, nikaona nimeadhibiwa. Nilikuwa natamba. Nawaambia watu, mie nina moyo mpya, mie mwanangu amenitengenezea. Mwenyezi Mungu hapendi kutamba. Jumamosi nakwenda kuling'oa dude lenu, nirudi nilivyoumbwa."

Hapo nilipaswa kusema. Badala yake nilianza kusema kama ripoti. Nilisema kumetokea hitilafu, kwamba mfumo ulitafsiri vibaya baadhi ya majibu, kwamba marekebisho yamefanyika. Nilijisikia nikisema hivyo na nilijichukia, lakini maneno ya namna hiyo yana starehe yake, hayana mtu ndani.

Alinigeukia. "Mfumo ndiye nani? Ana mama huyo?"

"Ni mashine, Mama."

"Mashine imezaliwa?"

Basi nikamwambia. Nilimweleza lile swali la asubuhi, na neno choo lililokuwamo, na jinsi lilivyosikika, na kalamu. Nilimwambia kwamba kila alipojibu nimefunga alhamdulillahi, tezi ilielewa kwamba haja imemkataa, ikaliachia ini limwage nyongo. Kwamba kila alivyojibu kwa imani ndivyo alivyoumizwa. Uso wake haukubadilika mpaka nilipofika kwenye kalamu.

"Wewe?" alisema. "Si hao watu wa bara?"

"Mimi. Niliona haya mtu kama wewe kuambiwa neno choo."

"Haya." Alilirudia neno kama anayeonja chumvi. "Lakini wewe umelelewa nyumba hii. Kila Ramadhani ya Mungu nilikuwa nakuuliza hivyo hivyo, neno kwa neno. Ulilisahau vipi?"

"Sikudhani, Mama, kwamba—"

"Jina hilo nilikupa mie. Sikukupa uje ulifanye udhuru."

Sikuwa na pa kukimbilia tena. Nikasema, "Sifungi, Mama. Mwaka wa sita huu. Ukiniuliza nakujibu nimefunga, na tumbo langu limejaa. Nimelichezea neno hilo mpaka likapoteza maana mdomoni mwangu. Ndiyo sababu sikulisikia."

Kule nje pigo la kinu lilikoma. Nilingoja laana. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, hata ningeipokea kwa shukrani.

"Saumu yako ni baina yako na Mola wako," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Atakuuliza Yeye. Lakini mie niliharibikiwa mbele ya watu nikidhani nimelaaniwa. Hilo ni baina yako na mimi. Wangapi wengine?"

"Mia mbili na kumi na mbili, na wewe ukiwemo."

"Nao wanaambiwa nini?"

"Kwamba walikula daku lenye mafuta."

Aliinuka. Nailoni ilimshika nguo akaibandua taratibu, bila kuificha safari hii. "Subhanallah. Watu wazima mia mbili wamejifungia vyumbani kama mie, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Na kila nyumba inamlaumu aliyepika."

"Nikitangaza, Mama, watang'oa tezi. Watakufa watu. Daktari hakosei kwa hilo."

"Na usipotangaza, mie Jumamosi nang'oa. Unanibembeleza mie kwa kuwa ni mamako. Nani atakwenda kumbembeleza huyo wa Mkinga?" Alisimama mbele yangu, na akawa mkubwa tena. "Nisikilize vizuri. Mie nilichafuka uani, mchana, mbele ya wanawake kumi na nne. Radhi unaniletea chumbani, umefunga mlango? Heshima yangu kairudishe pale pale ilipopotelea. Ukifanya hivyo sing'oi. Usipofanya, wallahi, nitainywa hiyo dawa yao na nitakufa na moyo wangu."

Nilijua hatanii. Na nilijua pia, kwa aibu mpya juu ya zile za zamani, kwamba bila kitisho hicho ningesaini orodha na kurudi kazini Jumatatu.

*

Ijumaa baada ya swala nilimpigia Daktari Mwasandube. Nilimwambia ninayokwenda kuyafanya.

"Ninaweza kuifunga njia ya sauti kutoka hapa," alisema.

"Najua, Daktari."

"Sitaifunga. Lakini wakija kuuliza nani aliyekuruhusu, sitasema ni mimi. Hiyo ndiyo nguvu yangu yote, Sikudhani, wala usidhani naionea fahari." Akakata.

Uani kwa Bi Tunu wanawake wale wale kumi na nne walikuwa wakimenya viazi na kukuna nazi kwa ajili ya futari ya msikitini. Mama Mkubwa aliingia nyuma yangu, buibui limenyooshwa kwa pasi. Kila mmoja alimwamkia, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Bi Tunu alikwenda mbio kumletea kiti, na kabla hajakisogeza akakitandika kanga, mikunjo miwili. Alifanya kwa mapenzi tu. Mama Mkubwa aliitazama ile kanga, akaketi juu yake, na mimi nilitamani ardhi inimeze pale pale penye maganda ya viazi.

Niliweka kishikwambi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua njia ya sauti ya wagonjwa wote wa Tanga. Hereni ya Mama Mkubwa ilitoa mlio mdogo. Nikajua kwamba Mkinga, Pangani, Makorora, wanawake wameshika masikio na wazee wanainua pete.

"Assalaamu alaykum," nilisema. "Naitwa Sikudhani binti Omari wa Kituo cha Tezi. Sauti hii ndiyo inayowauliza maswali kila asubuhi. Leo si mashine, ni mwenyewe nasema, na niko mbele ya watu.

"Nilikuwa nawauliza kama mmefunga. Ninyi mlinijibu habari ya saumu. Tezi ilielewa habari ya choo. Ilidhani mmekosa choo, ikawamwagia nyongo, na matumbo yakawaendesha mchana wa Ramadhani. Halikuwa daku lenu. Haikuwa uzee, wala adhabu. Aliyewapikia hakukosea. Swali lilikuwa na neno choo, na mimi ndiye niliyelifuta kwa sababu niliona haya. Aliyechafuka mbele za watu, na aliyechafuka peke yake akafua kwa siri, aibu ile si yake, ni yangu. Tezi zimetengenezwa tangu jana na sasa hazina madhara hayo. Zinalinda mioyo yenu, kwa hiyo nawaomba msizing'oe kwa kosa langu. Lakini asiyeitaka tena ana haki, na hatalaumiwa. Anayetaka kuniuliza au kunitukana, njia iko wazi. Nipo."

Kisu cha mtu kilianguka kwenye beseni. Bi Tunu alikuwa amesimama na nazi nusu mkononi, machozi yanamtiririka. Akaenda kwa Mama Mkubwa, akamwinua kwa mikono miwili, akaivuta ile kanga ya kitini akaitupa kule kwenye nguo chafu. Kisha akamkalisha tena juu ya mbao tupu, akamwekea mwiko mapajani.

"Onja wewe," alisema. "Adhana ikiingia, uonje wewe kwanza."

Mama Mkubwa hakunitazama. Aliushika mwiko, akaanza kuukagua kama umeoshwa vizuri.

Majibu yalianza kuingia. Mzee wa Makorora, yule wa fahari, alisema, "Kumbe! Mie wiki nzima sijakwenda msikitini, naswali uvunguni," kisha akacheka mpaka akakohoa. Mwanamke mmoja alisema Mungu anilaani, akakata. Wawili walisema wanang'oa, na nikaandika majina yao bila kubishana. Mwingine aliuliza kama anapaswa kulipa saumu za siku hizo, nikamwambia mimi ni mtu wa mwisho duniani wa kuulizwa, amuulize shekhe wake. Nikaanza kupumua. Nusura nijione nimefanya jambo jema.

Ikaingia sauti ya mwanamke kijana, kutoka Pangani, kwa pete ya mwanamume.

"Dada, hii ni pete ya baba yangu, Mzee Shemboko. Tuliivua Jumanne."

Niliikumbuka nukta ile. Ilizimika Jumanne, nami nilidhani pete imeharibika tu.

"Alijifungia chumbani siku nne," alisema. "Tukimwambia twende hospitali, anasema sitawachafulia watu gari lao. Maji usiku alikuwa hanywi, anaogopa yatatoka. Tulimzika Jumatano." Alisema bila kulia, kama mtu aliyeshamaliza. "Mama ndiye aliyekuwa anampikia daku. Watu wa Kituo walipiga simu jana wakasema ni mafuta ya daku. Tangu hapo hali, hazungumzi. Anasema kamuua mumewe kwa samli."

Nilikisogelea kishikwambi.

"Yupo hapa nimemshika, lakini masikio yake mazito, hayo uliyosema hakuyapata," alisema. "Ngoja nimwekee pete sikioni. Sema tena, dada. Sema kwa nguvu, na jina lako ulitaje."

Wanawake wote kumi na nne walikuwa wamesimama. Nilimsikia mjane yule akipumua kwenye pete, karibu sana, akingoja.

Nikapandisha sauti, nikaanza tena tangu mwanzo.